Mama wa Steshenari na Skrini Nyeusi

Kijana anayenitengenezea simu Mtaa wa Aggrey ana shahada ya kompyuta. Nilipomwambia kwamba kwenye Linux unaweza kumwandikia mwenzako maneno yakamtokea papo hapo kwenye skrini, akacheka: "Hiyo ni WhatsApp ya kompyuta, mzee?" Ni amri ya write, iliyokuwepo kwenye Unix, mfumo ambao Linux inaufuata, tangu 1971, soko la Kariakoo alilolichora Beda Amuli halijafunguliwa.

Niliijulia Mtaa wa Sikukuu, kwenye steshenari ya mama aliyestaafu kupiga chapa wizarani. Nyumba ya Kiswahili, barazani wanauza ubuyu, ndani harufu ya wino wa stensili ikigombana na dagaa wa jirani. Ilikuwa 1998. Hapana, Mwalimu Nyerere alikwishatutoka, basi ni 2000, tuyaache. Nyuma ya pazia kulikuwa na kompyuta moja yenye Linux. Mbele, mashine kuukuu zisizoweza kubeba Windows, zote zikitegemea ile ya nyuma. Barua pepe tulizisoma kwa Pine. Simu ilitozwa kwa dakika, kwa hiyo barua zilingoja jioni, zikaondoka kwa mkupuo.

Mama hakuinuka kauntani. Aliandika who, akaona nani yuko mashine ipi, kisha write na jina lako. Uko katikati ya barua kwa mchumba wa Mwanza, mara maneno yanadondoka: saa yako inakwisha, lete mia tano. Barua yenyewe haikudhurika. Skrini ndiyo iliyovurugika, ukibonyeza Ctrl na L inajipanga. Akimaliza zamu yake ya kusema aliweka "o", ujue sasa ni wewe. Akiaga, "oo", kama mwongozo wa amri hiyo unavyoshauri, halafu Ctrl na D. Alikuwa mtu wa utaratibu. Wajanja waliandika mesg n wasisumbuliwe. Bure! Yeye ndiye root, mtumiaji mkuu wa mfumo, na root hazuiliki. Jenereta ikielekea kuishiwa mafuta alitumia wall, inayowafikia wote: "Hifadhini." Vidole mbio.

Siku hizi mtu anasoma ujumbe wako, alama zinageuka bluu, ananyamaza hadi Ijumaa. Kwa mama usingethubutu.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakatoa programu za ofisi za Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004, mkongo wa intaneti wa SEACOM ukafika 2009, intaneti ikahamia mfukoni, nyumba ya mama ikawa ghorofa la mabegi. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba wall ilikuwa na tundu tangu 2013: mkorofi angeweza kukuletea kwenye skrini ombi bandia la nywila. Miaka 11 bila wengi kushtuka, maana nani alikuwa akiitumia? Watengenezaji wa Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, wakazipokonya wall na write idhini ya kuingia skrini za watu, na mtumiaji wa kawaida huko hawezi tena kumwandikia jirani.

Root bado anaweza. Mama angeendelea kutudai.