Kiota Kisichokuwemo Kitabuni

Kitabu nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba wa pale Posta. Ni kitabu cha picha cha Kiingereza, kinahusu ndege na viota vyao. Binti yangu ana miaka sita. Nilikuwa namsomea kwa Kiswahili, nikikutana na ndege nisiyemjua namwita "ndege" tu. Yaani kitabu kizima kilikuwa ndege, ndege, ndege. Na kila kiota ni bakuli la vijiti, ndani mayai matatu ya buluu.

Huku nyuma ya nyumba mnazi wetu umejaa mnana. Narudi kutoka chumba cha habari usiku wa manane, alfajiri kelele zinaniamsha. Makuti wameyachana mpaka yamebaki chelewa tupu. Basi siku moja nikamwita mkwezi, nikamlipa, akaviangusha viota vyote.

Binti yangu alirudi shule, akasema "shikamoo baba" bila kunitazama. Alikuwa ameshika kiota.

"Hii nini?"

"Kiota."

"Siyo. Kiota kiko hivi." Akaenda kuleta kitabu.

Nikamwonyesha tundu, liko chini. Akaingiza vidole, akatoa ganda la yai lililopasuka. Akaniuliza nani kaviangusha. Nikasema mkwezi. Sikusema zaidi.

Usiku ule nilisoma habari za mnana kama mtu anayeandaa makala. Anayesuka ni dume. Anachana majani mabichi, kwa sababu makavu hukatika, anafunga kwanza pete, anasimama ndani yake na kusuka kadiri mdomo wake unavyofika. Jike huja kukagua. Akikataa, na majani yakishakauka, dume huweza kukibomoa mwenyewe na kuanza upya. Nilikuwa nimeishi chini ya mafundi wale miaka minne nikijua kelele zao tu.

Siku chache baadaye walirudi. Tulitandika mkeka uani, kitabu kimefungwa, tukahesabu pete. Binti yangu aliona dume mmoja akining'inia kichwa chini huku akipigapiga mabawa, jike akaingia, akatoka, akaruka zake. "Amemkataa!" akacheka. Hilo halimo kwenye kitabu chetu, na mimi nisingeweza kumweleza kwa maneno akaelewa hivyo.

Jioni alichora ukurasa wake, akaubandika kwa gundi mwishoni mwa kitabu. Kuna mnazi, viota vyenye tundu chini, na mtu yuko juu na panga. Chini ya mnazi kuna mtu mwingine, ameshika noti.

"Huyu nani?" nikauliza, ingawa alikuwa amevaa miwani kama yangu.

"Wewe, baba."

Bado tunakisoma kitabu kile. Tukifika ukurasa huo, ananiachia mimi nisome.