Kwa Mwanangu, Shabiki wa Star Wars

Mwanangu,

Mama yako amemweleza shangazi yako kwamba chumba chako kimegeuka karakana, kwamba unakata plastiki kutengeneza kofia ya askari wa Star Wars, na usiku kucha unabishana na watu wa ng'ambo juu ya filamu iliyotoka kabla hujazaliwa. Mama yako ana wasiwasi. Shangazi yako hana, ila ana neno.

Filamu hiyo ya George Lucas ilitoka Marekani mwezi Mei 1977, na jangwa lake ni la Tunisia, Afrika hii hii. Ile nyumba yenye kuba jeupe anamokulia Luke Skywalker ilijengwa kwenye uwanda wa chumvi wa Chott el Djerid. Jua na upepo vikaila. Mwaka 2012 mashabiki wakachanga fedha zao wenyewe, wakafunga safari, na nyumba ikapigwa plasta na rangi upya.

Wenzako wa magwanda meupe wana habari nzito zaidi. Kikundi chao, 501st Legion, kilianzishwa mwaka 1997 na Albin Johnson wa South Carolina, mtu aliyepoteza mguu kwa ajali ya gari. Leo kina maelfu ya wanachama duniani. Vazi hukaguliwa kipande kwa kipande kabla mtu hajakubaliwa, kisha huvaliwa mbele ya watoto waliolazwa na kwenye shughuli za kuchangisha fedha. Binti yake Johnson alipougua saratani ya ubongo, alitamani roboti kama R2-D2 wa filamu hizo imlinde akiwa amelala. Mashabiki mafundi wakaanza kumuundia moja ya rangi ya waridi. Siku za mtoto zilikuwa zinakwisha, basi mmoja wao akaigeuza roboti yake mwenyewe kuwa ya waridi, mtoto akapelekewa, akaikumbatia. Alifariki Agosti 2005. Roboti aliyoundiwa, R2-KT, ilikamilika baadaye na ikaonekana katika filamu ya Star Wars ya mwaka 2015, The Force Awakens.

Lakini katika mapenzi hayo hayo limo shimo. Ahmed Best, aliyeigiza Jar Jar Binks katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1999, alishambuliwa kwa maneno hadi akafikiria kujiua; alilisema mwenyewe hadharani mwaka 2018. Mwaka huo huo Kelly Marie Tran, mwigizaji mwingine wa Star Wars, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Vietnam, alifuta picha zake Instagram baada ya miezi ya matusi juu ya rangi na jinsia yake. Waliowatukana nao walijiita mashabiki.

Shangazi yako hakukatazi kitu, mwanangu. Ada ya chuo tu isiguswe kwa ajili ya kofia. Kaa na wale wa plasta na rangi. Filamu mpya ikikuudhi, sema ilipopwaya, iwe hadithi au mazungumzo, na mwigizaji muachie sura yake. Kundi likianza kumchambua mtu badala ya kazi yake, toka siku hiyo hiyo, hata kama marafiki zako wote wamo.

Na vazi likikamilika, kaulizie hospitali ya mkoa kama wodi ya watoto inapokea wageni wa namna hiyo. Wakikuruhusu, usiingie umejifunika uso, maana wadogo huogopa. Ingia kofia ikiwa mkononi, wasalimie, waache waishike, ndipo uivae wakikuona.

Wasalaam,
Shangazi yako