Nasimiyu, Binti wa Nani?

Baba alipofariki, tuliitwa katika ofisi moja mjini Kitale kuthibitisha kwamba mimi na kaka yangu ni ndugu wa baba mmoja. Kaka aliandikishwa shuleni kwa jina la baba, Wafula. Mimi nilipelekwa na babu, na mwalimu alipouliza jina la mzee wa nyumbani, akaandika Wanjala. Karani alizipanga nyaraka zetu mezani, akazitazama, kisha akasema, "Hawa ni watoto wa wanaume wawili." Mama hakujibu. Tulirudi Tuwan kwa miguu, na njia nzima hakutamka neno.

Hati ya kiapo na barua ya chifu zilimaliza shauri hilo, japo baada ya miezi kadhaa. Lililobaki nami ni swali: je, tangu lini jina la Mbukusu likapewa kazi ya kutaja baba?

Jina la Kibukusu, kwa asili yake, hutaja majira. Wafula na Nafula ni wa mvua. Wekesa na Nekesa ni wa mavuno. Wanjala na Nanjala ni wa njaa. Simiyu ni kiangazi, nami, niliyezaliwa Januari, nikaitwa Nasimiyu. (Mwanaisimu atatambua upesi kwamba enjala ya Lubukusu na njaa ya Kiswahili ni ndugu, Kiswahili kimedondosha l.) Wa- huwa ya mvulana, Na- ya msichana. Naam, wengine hurithi jina la marehemu wa ukoo, na hapo kalenda huwekwa kando. Hata hivyo, mtu alibeba jina lake mwenyewe, na ukoo wake ulijulikana kwa kuulizwa, si kwa kusomwa.

Kipande kilipoanza kutumika mnamo mwaka 1920, mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na jina lililoandikwa. Baadaye zikaja shule, sajili za makanisa na vitambulisho, na jina la baba likajipenyeza nyuma ya jina la mtoto. Hivyo ndivyo binti wa Tuwan anavyobeba Wa- ya kiume mpaka kaburini.

Wengine walitutangulia katika njia hii. Nchini Norwei, Hansen alikuwa mwana wa Hans kwelikweli, na dada yake aliitwa Hansdatter, yaani binti wa Hans. Kila kizazi kilianza upya. Kisha sheria ya mwaka 1923 ikazitaka familia ziwe na jina moja la kurithiwa, na Hansen likaganda. Leo ni miongoni mwa majina ya ukoo yaliyoenea zaidi nchini humo. Wanawake wengi huitwa "mwana wa kiume wa Hans", na hakuna anayecheka.

Pwani yetu ilikuwa na utaratibu huohuo: Muyaka bin Haji, Mwana Kupona binti Msham. Hata Shaaban Robert alikuwa Shaaban bin Robert kabla jalada la kitabu halijamfupisha. Nao jirani zetu Wakalenjin wana arap. Daniel Toroitich arap Moi, aliyezaliwa mwaka 1924, alikuwa mwana wa Kimoi. Kwa mpangilio wa kale, wanawe wangebeba jina lililotokana na lake. Badala yake wanaitwa Moi, kama Gideon Moi. Neno arap limeanguka njiani, jina la babu likawa la ukoo.

Sikatai kwamba jina la ukoo lina faida. Lingalikuwapo, mama asingalivunjiwa heshima mbele ya karani. Lakini likishaganda, Wafula hatakuwa tena mtu wa mvua. Atakuwa mtu wa Wafula tu, na huyo Wafula wa kwanza hatakumbukwa alizaliwa wakati gani.

Sasa zamu imenifikia. Nina mimba ya miezi saba, na nitakapojifungua, muuguzi atauliza jina la mtoto na la baba. Mume wangu anataka jina la baba yake, Barasa, lisimame mwisho kwa watoto wetu wote, wa kike kwa wa kiume, ili wasije wakasimamishwa ofisini kama sisi. Wazee huliunganisha jina hilo na baraza. Babu yake alizaliwa siku ya mkutano wa chifu. Nimekubali, nusu.

Mavyaa, ambaye yuko Bungoma, yeye hana haraka na fomu. Juzi alipiga simu akasema tungoje kwanza tuone mvua za Machi zitaanza lini.