Mgeni wa Mwaloni

Wengi miongoni mwenu mmepata kuhamia mahali pa watu wengine, ama kwa kazi, ama kwa ndoa, ama kwa kutafuta riziki. Nanyi mwajua ya kuwa mwili hufika siku moja, bali moyo hukawia njiani. Leo nataka kuwasimulia habari za mahali tulipohamia sisi, yaani mwalo wa Kayenze, ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kaskazini ya mji wa Mwanza. Na pamoja na habari za mahali nitasema kosa langu, kwa maana labda litamfaa mtu.

Mimi ni mtu wa Pangani, mwalimu kwa kazi. Mwaka 2017, mwezi wa Januari, nalihamia huku pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Kwa kuwa nimezaliwa pwani, nalijidai moyoni nikisema, "Ziwa ni bahari ndogo, hakuna nitakalofundishwa na watu wa bara." Hata tulipofika nikaona ya kuwa sijui kitu. Maji hayana chumvi; watu huyachota wakapikia. Wala hayajai na kupwa kama yetu. Mtumbwi ulioacha jioni pale ukingoni, asubuhi utaukuta pale pale. Mitumbwi yenyewe haina matengo kama ngalawa zetu. Kwetu mwezi ukiwa mpevu twangoja bamvua. Huku mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hutundika taa zao wakalala, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Wala msidhani ziwa hili ni dogo. Eneo lake ni kilometa za mraba 68,800 hivi, nalo liko juu ya usawa wa bahari kwa meta 1,134. Nusu yake na zaidi kidogo imo katika Tanzania, na sehemu iliyobaki ni ya Uganda na Kenya. Ukisimama ukingoni huoni ng'ambo ya pili, ila visiwa tu, na yale mawe makubwa ya Usukuma yaliyopandana kana kwamba mtu aliyapanga. Siku nyingine huonekana moshi mweusi umesimama juu ya maji mbali sana. Mgeni atasema meli inaungua, kumbe ni vijidudu vya ziwa, maelfu kwa maelfu. Upepo ukivileta nchi kavu, funga mdomo na ufunike chungu.

Mgeni mwingine alifika pande hizi zamani, jina lake John Hanning Speke, Mwingereza. Tarehe 3 Agosti 1858 aliliona ziwa hili kutoka kilimani karibu na Mwanza, akiwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay na watu wengine waliotoka pwani. Akalipa jina la malkia wake, ingawa wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza. Akakaa siku chache tu, kisha akarudi zake, akatangaza ya kuwa hapo ndipo chanzo cha Nili. Katika neno hilo kubwa hakukosa. Walakini nimefikiri mara nyingi ya kuwa mtu aweza kuliona ziwa zima kutoka juu ya kilima, asimwone hata mtu mmoja aliye ukingoni. Nami ndivyo nilivyokaa hapa miezi kumi ya kwanza.

Sasa nieleze kazi ya mwalo. Jioni jua likikaribia kuzama, mitumbwi ya dagaa hutoka. Zamani walichukua karabai za mafuta ya taa; siku hizi wengi hutumia taa za betri, nyingine zikijazwa kwa nguvu ya jua. Wakifika mahali pafaapo huziweka taa juu ya maboya, zikaelea. Dagaa huufuata mwanga wakakusanyika chini yake. Ndipo wavuvi huwazungushia wavu wenye matundu madogo wakawavuta. Usiku wa giza, ukitazama kutoka mlangoni, utadhani kuna mji mwingine ng'ambo ya maji, umewashwa taa zake zote. Lakini mbalamwezi ikijaa, mwanga wa taa hauna nguvu tena ya kuwavuta, na kwa hiyo watu hupumzika, wakashona nyavu na kuziba mitumbwi.

Alfajiri mitumbwi hurudi, na hapo kazi huwa ya akina mama. Hununua dagaa kwa ndoo, wengine kwa fedha taslimu, wengine kwa mkopo, kisha huwatandaza juu ya mchanga, au juu ya nyavu kuukuu, au juu ya mawe. Jua likiwa kali siku moja yatosha, na dagaa hung'aa kama fedha. Kisha hutiwa katika magunia wakapelekwa soko la Mwaloni, Kirumba, mjini Mwanza, na kutoka huko huenda mikoa mingine, hata Kongo. Sangara ana njia yake mwenyewe. Huyu si samaki wa asili wa ziwa hili. Alitiwa humo tangu miaka ya 1950, akala furu wengi hata aina nyingi zikatoweka. Minofu yake husafirishwa mpaka Ulaya, na mabondo yake huuzwa China. Lakini dagaa ndiye anayelisha nyumba za watu wetu, kwa kuwa mwenye senti chache aweza kununua kisado chake akapata kitoweo.

Katika haya yote sisi tulikuwa watazamaji. Tulilalamikia harufu ya dagaa. Tulimlipa kijana atuletee maji, wala hatukujua kwao ni wapi. Watoto niliwakataza kuoga ziwani kwa ajili ya kichocho, na katika hilo sikukosea, maana ugonjwa huo upo kweli, na shuleni watoto hupewa dawa yake. Lakini niliwakataza pia kucheza na wenzao ufukoni, na hilo lilikuwa kiburi tu. Mke wangu alianza kuamkia watu "Mwangaluka" asubuhi na "Mwadila" mchana, kama Wasukuma waamkiavyo. Mimi naliendelea na salamu zangu za Pangani, nikangoja wao wanijie.

Hata siku moja katika mvua za vuli, mwezi wa Novemba mwaka ule ule, nalikuwa nimeketi mlangoni nikinywa chai baada ya kazi. Ufuko wote ulikuwa umetandazwa dagaa. Mara wingu jeusi likainuka upande wa ziwa, upepo ukageuka baridi, mtu akapiga ukelele. Wasomaji, laiti mngaliona! Wavuvi waliokuwa wamelala waliamka wakatoka mbio. Kinyozi alimwacha mtu kitini nusu ya kichwa imenyolewa, na yule wa kitini naye akamfuata. Watoto, wazee, waendesha pikipiki, kila mtu alishika ndoo au ufagio au turubai, wala hakuna aliyeuliza dagaa hawa ni wa nani. Nami nikaketi. Nilisema moyoni, "Hii si kazi yangu."

Mvua haikudumu hata nusu saa. Mama mmoja mjane, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na ndoo kumi alizozichukua kwa mkopo. Zake zilikuwa karibu na mlango wangu, mbali na watu wengine. Aliokoa nusu, nusu iliyobaki ikalowa. Na dagaa waliolowa hivyo huoza, hawaliwi tena na watu. Huuzwa kwa bei ya kutupa kuwa chakula cha kuku. Lakini deni halipungui kwa sababu ya mvua.

Kesho yake asubuhi mama yule alibisha hodi. Mkononi alikuwa na sahani ya dagaa wakavu, katika wale waliosalimika, imefunikwa kitambaa. Akasema, "Mwalimu, mwanangu, jana nilikuona mlangoni hukutoka. Nikajua una mgonjwa ndani, umemkalia. Nimekuja kumpa pole."

Nilikosa la kusema. Mke wangu akajibu polepole, macho chini, "Hatuna mgonjwa, mama. Ni ugeni tu."

Bibi yule akatutazama, kisha akacheka kidogo, bila uchungu. "Ugeni wa miezi kumi? Nanyi watu wa pwani ndio mtuambiao ya kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi hapa mwaloni hatuna jembe. Tuna ndoo." Akaiweka sahani mezani akaenda zake.

Sahani ile tuliila kwa aibu. Baadaye tulikwenda, mimi na mke wangu, tukamwomba radhi, tukamsaidia sehemu ya deni. Akapokea kama mtu apokeavyo kitu cha jirani, bila maneno mengi. Tangu siku ile ndoo moja hukaa nyuma ya mlango wetu, wala haichotewi maji.

Mwaka uliofuata, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na gati ya Bwisya, kisiwani Ukara, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi. Watu zaidi ya 220 walikufa. Habari zilipofika mwaloni kwetu kila nyumba ilinyamaza, maana wengi hapa wana ndugu Ukerewe na Ukara. Wale waliowahi kuwatoa watu majini kabla ya vyombo vikubwa kufika walikuwa wavuvi wenye mitumbwi yao. Niliposikia hayo sikustaajabu. Nilikwisha kuwaona watu hawa wakikimbia kwa ajili ya ndoo za mjane. Iweje wasikimbie kwa ajili ya roho za watu? Mtu hufanya siku ya msiba mkuu lile alilolizoea siku ndogo. Nikajiuliza, mimi ningalikuwa kule, miguu yangu ingalijua la kufanya?

Basi, wasomaji, hayo ndiyo maisha yetu. Watoto wangu sasa hunena Kisukuma kuliko mimi, na harufu ya dagaa tukiikosa twauliza kuna nini. Mimi bado ni mtu wa Pangani. Sikuambiwa niache kuwa hivyo, wala hakuna anitakaye niache. Ila nimefahamu ya kuwa wenyeji hawakuwa wakitungoja tujue lugha yao au tuzoee chakula chao. Walikuwa wakingoja siku moja tu tuinuke kitini.

Vuli iliyopita wingu liliinuka tena. Nalikimbia pamoja na wengine, suruali nimeikunja, nikafagia dagaa wa mtu nisiyemjua. Nilipoinua macho nikamwona kijana mmoja, mtumishi mpya aliyehamia juma lile kutoka mbali, amesimama barazani na kikombe mkononi, akitutazama kama vile nilivyotazama mimi. Sikumlaumu. Nilimwita tu kwa sauti, "Ndugu, njoo! Ndoo iko nyuma ya mlango wangu." Akasita kidogo, akaweka kikombe chini, akaja.