Barua kutoka Lobatse: Andikeni Ng'ombe Wenu

Ndugu zangu wa Iringo, na ninyi wa Butiama na Bunda mtakaosomewa barua hii,

Nimekasirika, na sitaki kuificha hasira yangu. Baba mdogo ameibiwa ng'ombe saba usiku. Sungusungu waliamka, wakapiga yowe, wakafuata nyayo hadi kijiji cha tatu, na huko nyayo zikaishia barabarani. Zamani kijiji zilikoishia nyayo kililipa. Siku hizi zinaishia kwenye lami, na lami hailipi mtu. Alipokwenda kutoa taarifa aliulizwa alama. Akasema mmoja mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji, mwingine pembe imepinda, mwingine mweusi mnene. Ng'ombe weusi wanene wako wangapi kutoka Kiabakari hadi Nata?

Huku Botswana swali la alama lina jibu kabla halijaulizwa. Kila ng'ombe ana chapa ya moto iliyosajiliwa serikalini, na chapa hiyo ni ya mtu mmoja. Sikioni ana hereni yenye namba. Kumtoa eneo moja hadi jingine kunahitaji kibali, na askari akikusimamisha njiani anasoma chapa kabla hajakusikiliza wewe. Ng'ombe akipotea, watu wa huku wanamwita letimela, na wakiwa wengi ni matimela. Halmashauri inawakusanya kwenye zizi lake, inawatangaza pamoja na chapa zao, mwenyewe anakwenda kuwalipia gharama na kuwachukua. Wasiodaiwa wanapigwa mnada. Jirani yangu alimpata fahali wake kwa njia hiyo wilaya nyingine kabisa. Hakufuata nyayo wala hakupiga yowe. Alikwenda na karatasi yake.

Msiniambie wao ni wachache ndiyo maana wanaweza. Kweli nchi ni kubwa, zaidi ya nusu ya Tanzania nzima, na watu wake ni takribani milioni 2.4. Lakini hao ni sawa na mkoa wetu wa Mara! Sensa ya 2022 ilitupa nasi milioni 2.4 hivi. Taifa zima, rais, bunge, jeshi na shirika la ndege, lina watu kama wale wanaokaa kati ya Lamadi na Sirari. Na sisi tuna Ziwa Victoria. Wao sehemu kubwa ya nchi ni mchanga wa Kalahari, mvua kwa wastani wa mwaka haizidi milimita 650 hata kaskazini mashariki kwenye neema, na kusini magharibi ni kama 250. Pesa yao wameiita pula, yaani mvua. Bwawa la Gaborone lilikauka mwaka 2015, na sehemu ya maji ya mji mkuu huja kwa bomba la kilomita 360 kutoka bwawa la Letsibogo. Mtu anayechota maji ziwani Mwigobero akiwa amevaa kandambili, ni vigumu aelewe jinsi ukame unavyomfundisha mfugaji kuhesabu.

Hesabu hiyo iliwalipa. Hapa Lobatse kilijengwa kiwanda cha kuchinja ng'ombe mwaka 1954, kabla almasi haijaonekana Orapa mwaka 1967, na nchi ilipopata uhuru mwaka 1966 nyama ndiyo ilikuwa karibu kila kitu ilichokuwa nacho cha kuuza. Kwa Mkataba wa Lomé wa 1975 nyama yao ilipata mlango wa Ulaya, na mnunuzi anaweza kuelezwa mnyama alitoka wapi. Kiwanda kimeyumba kifedha miaka ya karibuni, na wafugaji wananung'unika sana. Hata hivyo karani wa benki bado anaendesha gari Ijumaa jioni kwenda moraka, kambi ya ng'ombe wake porini, kwa sababu kwa Mtswana mwenye uwezo makazi ni matatu: kijijini, shambani na moraka. Almasi zinapodorora, kama sasa, moraka ndiyo akiba inayobaki.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 36. Ni nchi chache barani zinazotuzidi. Lakini dalali wa mnadani anamkadiria ng'ombe wa baba mdogo kwa jicho tu, na mwizi anamuuza kwa urahisi uleule wa mwenye mali. Sheria ya utambuzi wa mifugo tumekuwa nayo tangu 2010. Hereni zilipokuja tulilalamikia gharama, na malalamiko yale yalikuwa na haki yake. Mwaka 2025 ilianza kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi, na bado nasikia watu Butiama wananong'ona kwamba hereni ni mtego wa kodi. Jamani! Mwizi hakuwasubiri mmalize kunong'ona.

Si kila kitu cha huku nakitaka nyumbani. Ili kulinda soko la nyama dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, walikata nchi kwa uzio. Uzio wa Kuke wa mwaka 1958 uliwafungia nyumbu njia ya kwenda majini, na katika ukame wa miaka ya 1980 walikufa kwa makumi ya maelfu karibu na Ziwa Xau. Msafara ule mkubwa wa nyumbu wa Kalahari umekwisha. Wa kwetu wa Serengeti, zaidi ya nyumbu milioni moja, bado unateremka hadi Grumeti kila mwaka, nanyi wa Bunda mnauona hadi mmeuchoka. Mkisikia mtaalamu anapendekeza uzio mrefu kati yenu na hifadhi, mkumbusheni Kuke. Mkumbusheni pia habari za Basarwa, yaani Wasan, waliohamishwa kutoka hifadhi ya Kalahari ya Kati mwaka 1997 na 2002. Hukumu iliyosema waliondolewa isivyo halali ilisomwa na mahakama ya hapa hapa Lobatse, Desemba 2006. Wenzetu wa Nyatwali, walioambiwa wapishe wanyama wafike ziwani, waijue hukumu hiyo.

Kuhusu tembo, watu wa huku wanao kama 130,000. Walipiga marufuku uwindaji mwaka 2014, wakaurudisha 2019, na mwaka 2024 Rais wa wakati huo, Masisi, alitishia kuipelekea Ujerumani tembo 20,000 ili Wajerumani nao waonje kuishi nao. Wakulima wa Hunyari na Mariwanda wangempigia makofi. Mtama ukishakanyagwa, hotuba haiurudishi.

Sasa vijana mnaoniandikia mkitaka kuja. Njooni na sweta. Juni na Julai usiku wa Lobatse unakaribia barafu. Baba msalimie "dumela rra", mama "dumela mma", na usipite bila kusalimia, hapo ni kama nyumbani. Usiendeshe usiku nje ya mji, maana punda na ng'ombe wanalala barabarani. Usibebe nyama mbichi kupita vizuizi vya mifugo, itachukuliwa, na viatu utavikanyagisha dawa. Ukisema unatoka alikozaliwa Nyerere utapewa kiti na wazee. Gaborone ina barabara yenye jina lake, na wanamkumbuka pamoja na Seretse Khama wao kwenye meza ya nchi za mstari wa mbele.

Nanyi mliobaki: pigeni chapa ndama kabla hajaachishwa ziwa. Pigeni picha kila mnyama, pande zote mbili, mhifadhi kwenye simu ya mtu zaidi ya mmoja. Usinunue ng'ombe bila kibali hata kama bei inakuchekea. Daftari la mifugo la kijiji likaguliwe kwenye mkutano, mbele ya watu.

Limebaki moja, ambalo najua litaleta maneno. Chapa inapokwenda kusajiliwa, anaandikwa nani? Huku nimeona wanawake wenye chapa zao wenyewe, wanaouza bila kuomba ruhusa ya mtu. Kwetu mama mdogo ndiye anayekamua, ndiye aliyekesha na ndama walipougua, na mahari ya binti zake ndiyo iliyojaza zizi lile. Nataka nusu ya ng'ombe waliobaki waandikwe kwa jina lake. Nitalipia hereni na chapa za wote. Baba mdogo akikataa, na aseme sababu mbele ya ukoo.