Shangazi, Watani na Fomu ya Ruhusa

Shangazi ni dada wa baba. Kiingereza humtia kapu moja na mama mkubwa, mama mdogo na mke wa mjomba, kisha wote wanne wakapewa jina moja. Mtanzania aishiye Uingereza huyaona madhara ya umaskini huo siku anapoomba ruhusa ya msiba. Sheria ya huko iliyoanza kutumika Aprili 2020 humpa mzazi aliyefiwa na mtoto wiki mbili za kupumzika, shangazi hakutajwa. Anayemlilia huachiwa huruma ya mwajiri, na huruma hiyo huja na fomu yenye swali la kuudhi: je, marehemu alikuwa ndugu wa karibu?

Inategemea shangazi gani. Katika koo nyingi ni mtu wa kuogopwa: posa ikija huitwa yeye, kikao cha mahari hakikamiliki bila yeye, na mtoto aliyewashinda wazazi hupelekwa kwake akasemwe. Lakini karibu kila ukoo hujaliwa mmoja aliyelikataa joho hilo. Huyu hufika bila taarifa, mkononi mfuko wa maandazi, mdomoni umbea wa mtaa mzima. Harusini hukaa karibu na spika, na taarabu ikikolea huinuka kwa madaha kwenda kumtunza mwimbaji, ilhali nauli ya kurudia nyumbani hana. Binti wa kaka yake humwambia mambo ambayo mama hayasikii mpaka kiama. Hapo shangazi amekwisha kuwa shoga, na miaka 30 iliyo kati yao haihesabiki tena. Binti akihamia ughaibuni, ushoga huhamia WhatsApp: ujumbe wa sauti wa dakika 7 ambao habari yenyewe ni ya nusu dakika, na kilichobaki ni kicheko, jogoo wa jirani na muuza dagaa anayeulizwa bei katikati ya siri.

Akifa mtu wa namna hii, msiba wake huwa na kazi ngumu. Turubai hufungwa, viti vya kukodi hupangwa, wanawake huketi ndani kwenye mikeka na kanga zao, wanaume hubaki nje na karata. Kamati hugawana majukumu, na daftari la rambirambi hukabidhiwa mwenye hati nzuri. Kisha husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa, alisoma, aliolewa, ameacha watoto na wajukuu, alisumbuliwa na shinikizo la damu, mauti yakamfika. Msikilizaji mgeni asingejua kwamba mama huyo aliwahi hata kutabasamu. Wasifu wa msibani humnyoosha kila mtu, humvua hereni na kumtoa kwenye ngoma.

Watani ndio warekebishaji. Utani wa makabila una mizizi katika karne ya 19: Wangoni na Wahehe walipigana, kisha wakataniana, Wanyamwezi na Wazaramo walikutanishwa na misafara ya biashara iliyoshuka pwani. Msibani mtani ana haki ambayo mfiwa hana. Anaweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka alipwe, akajilaza kaburini akidai ni chumba chake, au akamkemea mfiwa kwa kulia vibaya. Kubwa kuliko yote, anaweza kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza: mwendo wake, kofi alilompiga mtu begani kila alipocheka, uchochoro aliopita kumkwepa mwenye duka anayemdai. Watu hucheka huku machozi yakiwatoka, na wasifu wa kweli ukawa umesomwa. Siku hizi familia nyingine za mjini huwanyamazisha watani kwa sababu kuna wageni wa heshima na mpiga video. Ni aibu isiyo na maana, maana marehemu mwenyewe angewalipa watani waongeze.

Waingereza nao wamegundua kwamba mazishi yaweza kuwa sherehe ya maisha, na waombolezaji huombwa kuvaa rangi za kung'aa. Zaidi ya robo tatu ya wafu wao huchomwa, kwa zamu, huku familia inayofuata ikisubiri nje. Rangi zipo; mtani hayupo.

Kurudi nyumbani kuzika si jambo la kuamua tu. Muislamu huzikwa siku ileile au kesho yake, kabla hata tiketi haijapatikana. Anayesubiri jibu la ombi la kuendelea kuishi Uingereza hawezi kuondoka, kwani akitoka ombi huhesabiwa limefutwa, na ada haina mlango wa kurudia. Aliyechukua uraia wa huko amekwisha kuupoteza wa Tanzania, ambayo haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo anayekwenda kumlilia shangazi hupanga foleni ya wageni pale uwanja wa ndege, pamoja na wapanda Kilimanjaro, na kulipia viza ambayo kwa Mwingereza imekuwa dola 50. Mazungumzo ya hadhi maalumu kwa diaspora yalikuwa marefu kuliko matanga yoyote. Nchi hiyohiyo haimhesabu mgeni inapofika zamu ya kutuma fedha: kundi la familia humkumbuka wa kwanza, na kiasi chake husomwa kwa sauti kutoka kwenye daftari.

Aliyebaki London hutolewa mkono na Watanzania wenzake. Huja na ubani, huja na sufuria la pilau, husema pole, kazi ya Mungu. Wanatimiza wajibu, lakini hakuna aliyemjua marehemu, na asiyemjua hawezi kumtania.

Hivyo inabaki simu ya binamu. Mtoto wa shangazi ni mtani kwa kuzaliwa, naye hupiga kwa video usiku wa matanga kuanuliwa, amevaa kijora cha mama yake na wigi lake limekaa upande. Huanza kwa kuuliza bei ya dagaa. Wa London hucheka mpaka jirani anagonga ukuta. Mtani, hata hivyo, hafanyi kazi bure, na kijora hakivuliwi mpaka muamala uingie kwenye simu.