Safari ya Wampembe na Swali la Ghala Tupu

Msafiri atokaye Sumbawanga kwenda Wampembe huianza safari yake katika baridi na kuimaliza katika joto, hali jua ni lile lile. Sababu yake ni mteremko. Nyanda za juu za Ufipa zimeinuka kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 tu. Basi mwenye kuondoka mjini amejifunika koti hufika ziwani akilibeba mkononi.

Kabla ya kuteremka, njia hupita katika nchi ya wazi yenye upepo, mashamba ya mahindi, ulezi na maharage. Wafipa tangu zamani hulima kwa matuta ya duara, nao huyaita ntumba. Nyasi hufukiwa chini ya udongo zioze ziwe mbolea. Katika sehemu nyingine za nchi hii bado yasimama malungu, yaani matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, ambamo wazee waliyeyusha mawe wakapata chuma cha majembe. Moto wake ulizimika majembe ya madukani yalipoenea. Nilipoyafikiri matanuru hayo nilisema moyoni: kazi imekwisha, nyumba ya kazi imebaki. Sikujua kuwa usiku ule ule neno hilo lingenirudia kwa sura nyingine.

Wampembe ni kijiji cha wilaya ya Nkasi, kilichokaa baina ya mlima na maji. Dagaa huanikwa pwani, migebuka huuzwa ingali mibichi, na hewa ikitakata milima ya Kongo huonekana ng'ambo. Usiku taa za wavuvi hutapakaa ziwani hata mgeni akadhani kuna mji mwingine juu ya maji.

Baada ya swala ya isha tuliketi barazani kwa mzee aliyenikaribisha. Akaja kijana mvuvi wa kijiji kingine cha pwani ile, akamwamkia mzee, "Shikamoo, babu." Mzee akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Sema lililokuleta, maana uso wako hauko kwenye kahawa."

Kijana akaeleza. Alikuwa amekwisha posa, na harusi yakaribia, lakini hana nyumba. Katika kijiji chao liko ghala la matofali la chama cha ushirika cha zamani. Kwa miaka mingi halina mahindi wala mpunga, ila popo. Rafiki zake wamemwambia alifagie, atoboe madirisha, amwingize mkewe. "Babu," akasema, "nyumba haina mtu, nami sina nyumba. Kosa liko wapi?"

Swali hili si la kijana mmoja. Vyama vikuu vya ushirika vya Tanzania vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Katika kuvunjwa na kurudishwa huko, majengo mengi yalibaki bila mtu ajuaye kwa yakini ni ya nani. Ongezea nyumba za watumishi walizohama, na mabweni ya shule zilizohamishwa. Na vijana wetu wanaoa, wala matofali si bei ya kitoto.

Mzee hakumkemea. Alianza kwa kumpa moyo, kwa kuwa kugeuza jengo lililoachwa likawa makao si jambo geni katika dini wala katika nchi hii. Akatukumbusha habari ya Madina. Mtume wetu (s.a.w.) alipohamia huko, Waislamu waliswali kwa muda kuelekea Baitul-Maqdis, upande wa kaskazini. Katika mwaka wa pili wa Hijra kibla kiligeuzwa kuelekea Makka, na sehemu ya mbele ya msikiti ikawa nyuma. Wenye kuandika historia ya Madina wasema kuwa sehemu ile haikubomolewa. Ilibaki na paa lake la makuti ya mtende, ikawa suffa, makao ya masahaba mafakiri wasio na jamaa wala nyumba. Abu Huraira (r.a.) alikuwa miongoni mwao. Basi mahali palipokwisha kazi yake ya kwanza pakawapa stara watu wasio na stara.

Kisha akanyosha mkono kuelekea kaskazini, akataja Karema, iliyo pwani hii hii, leo katika mkoa wa Katavi uliokatwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga kituo pale kwa ajili ya jumuiya aliyoiunda Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kikawa ngome. Mwaka 1885 ngome ikakabidhiwa mapadri wa White Fathers. Wakakaa humo, na katika eneo lake na kando yake wakapata makazi watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani. Mmoja katika watumishi wa pale, Adrian Atiman, mwenyewe aliuzwa utotoni katika nchi za Sudani ya Magharibi, akakombolewa, akasomea uganga Malta, akafika Karema mwaka 1889, akatibu watu wa huko mpaka alipofariki mwaka 1956.

Hapa mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo si kila baraza hulisema. Katika misafara iliyowanunua na kuwauza watu wa pwani hii walikuwamo waliotamka shahada kama sisi. "Tusimsifu mjenzi wa ngome," akasema, "wala tusijifiche nyuma ya ukuta wake. Aliyelala pale salama alikuwa mtoto wa mtu, na sisi yatupasa kuona haya kwamba baadhi yetu ndio waliomkimbiza."

Kijana akafurahi, akadhani amekwisha pewa ruhusa. Mzee akamwambia, "Bado. Ile suffa alikalisha watu mwenye mamlaka ya msikiti. Ile ngome ilitolewa na aliyekuwa ameishika. Wewe ghala hilo nani amekupa?"

Kijana akasema, "Hakuna mwenyewe, babu."

"Mjukuu wangu, chama kikifa mali yake haiwi mnyama wa porini. Mahindi yaliyojenga ghala lile yalitoka katika mashamba ya watu. Wengine wako hai, na wengine wameacha warithi."

Msomaji mpenzi, hapa ndipo penye uzito. Mtu hutaka nyumba apate kulala, kulea na kuswali. Maulamaa wamehitilafiana juu ya swala ya mwenye kuswali katika mahali alipopanyang'anya. Katika madhehebu ya Hanbali iko kauli mashuhuri kuwa haisihi kabisa. Mashafi, ambao ndio wengi katika nchi zetu hizi, husema inasihi, lakini mwenyewe yu katika dhambi kwa kukaa pale. Basi ni hasara iliyoje, kijana kufunga ndoa ya halali, kisha kila sijda yake iwe juu ya sakafu yenye madai!

Tena hatari si ya akhera peke yake. Mzee alimwuliza, "Ghala hilo liliwekwa nini, zaidi ya nafaka?" Kijana akakumbuka kuwa liliwekwa pia dawa ya kuulia wadudu. Nami nikaongeza nijuavyo, kwamba dawa za zamani za wadudu, kama DDT, hudumu miaka mingi, na zikimwagika hunywewa na sakafu na udongo. Mtoto atambaaye hupitisha mikono sakafuni, kisha huitia kinywani. Ghala la namna hiyo halifai kulazwa mtu mpaka bwana afya alitazame. Na likionekana na sumu, ni heri liachwe tupu. Si kila nyumba ya kazi yaweza kuwa nyumba ya watu, kama vile hakuna awezaye kulala ndani ya tanuru la chuma.

Hata jengo safi lataka matengenezo. Ghala hujengwa kulinda magunia: mlango mmoja mkubwa, hewa haba, hakuna jiko, hakuna choo, wala hakuna chumba cha faragha. Mwenye kutoboa dirisha bila fundi aweza kuuangusha ukuta uliobeba paa. Na boriti za zamani zapaswa kugongwa moja moja, kwani mchwa hula ndani na kuacha nje pazuri.

Na akishaingia mtu, nani atatengeneza? Tutazame Unguja. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 majumba mengi ya Mji Mkongwe yaligawiwa familia, vyumba kwa vyumba. Watu wengi walipata makao, na hilo lilikuwa jema kwao. Lakini nyumba ya wengi mara nyingi ilikosa wa kuziba paa, mvua ikapenya katika kuta za mawe na chokaa, na baadhi zikaanguka. Mwaka 1985 ikabidi kuundwa mamlaka ya kuuhifadhi mji huo. Jengo la zamani halitaki mkaaji tu, lataka mlezi.

Usiku ulipokuwa mkubwa mzee alimpa kijana shauri lake. Kwanza aende kwa wazee waliokuwa wanachama, kisha serikali ya kijiji, kisha ofisi ya ushirika ya wilaya. Akipewa, apewe kwa maandishi: miaka mingapi, kodi kiasi gani, na matengenezo juu ya nani. Kodi yenyewe irudi katika manufaa ya kijiji. Akinyimwa, ashukuru, ajenge chumba kimoja cha matofali mabichi kilicho chake.

"Na mchumba akichoka kungoja?" kijana akauliza kwa sauti ndogo.

Mzee akacheka. "Mwambie ukweli. Akikungojea kwa sababu hukutaka kumlaza katika mali ya watu, umepata mke."

Alfajiri, baada ya swala, nilimwona kijana yule akisukuma mtumbwi kurudi kwao. Hakuwa na ruhusa bado, wala hakuwa na nyumba. Alikuwa na majina matatu ya wazee wa kuwaendea. Mimi nikarudi mlimani, na kila jengo tupu nililolipita njiani nililitazama kwa jicho jingine.

Enyi wazazi, msiwacheke vijana watafutao makao katika kuta kuukuu; wasaidieni kuuliza mwenyewe ni nani. Nanyi vijana, msione haya kuanzia maisha katika nyumba iliyokuwa ya kazi nyingine, madhali mlango wake mmeufungua kwa idhini. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa za utulivu, na kuta zake zisitudai siku ya hesabu. Amin.